Mkanda wa Swabra

Kabla ya mkanda nilikuwa na sakafu.
Bi Mwanasiti wa ghorofani akitwanga tangawizi,
ukuta huninong'oneza begani.
Lori la kontena likikata kona kwenda Makupa,
maji ya gilasi hukunja uso.
Na cherehani huzungumza na paja langu:
sindano ikiwa butu, goti hujua kabla ya jicho.
Basi msiniambie nimeishi kimyani.
Kimya ni neno la wenye masikio.

Ila mtoto.
Raudha akilia, sakafu haina habari.
Usiku nilimfunga kwa uzi wa kanzu,
ncha moja kifundoni mwake, ncha ya pili kidoleni mwangu;
akirusha mguu, naamka.
Akilia bila kurusha mguu, nalala, Mungu anisamehe,
na asubuhi naikuta chumvi mashavuni mwake.

Swabra, binti ya shemeji yangu, anasoma chuo Tudor.
Alikuja na saa isiyo na saa:
kijimota alichokichomoa kwenye simu mbovu,
betri, waya mwekundu, plasta ya dukani.
Akanieleza kwa mikono (ishara zake zina kigugumizi):
mlango, mishtuko miwili mifupi.
Mtoto, mkwaruzo mrefu kama ulimi wa paka.
Mengine yote, kitu kidogo tu,
nzi ametua, nzi ameondoka.

Wiki ya kwanza nilimlaani.
Paka wa jirani, mtoto. Mwiko ukianguka, mgeni.
Alfajiri mkono mzima ukanitetema,
nikadhani waya umeungua,
nikakimbia kumwamsha mume wangu:
nikamkuta keshatandika mswala.
Jioni akapita muuza kahawa.
Nzi kumi, nzi ishirini, wananitembea mshipani.
Nikatoka hadi barazani kumtazama
anavyovigonganisha vile vikombe.
Miaka thelathini nilidhani
ni mazoea tu ya vidole vyake.

Usiku wa Jumanne ulimi wa paka ukanilamba.
Nikawasha taa.
Kinywa wazi, ngumi mbili hewani,
na chozi lingali kwenye kope.
Nimeliwahi.
Nililifuta kwa kidole gumba, kisha nikakaa kitandani
nikilia mimi, badala yake.

Hili linalofuata sijamwambia Swabra.

Alhamisi mchana. Stima imepotea tangu saa nne.
Raudha amelala, mlango una komeo,
nami napiga pindo la kanzu ya bwana harusi wa Kisauni.
Mkanda ukatetema.
Nikaenda mlangoni: jua, na ndoo ya mtu.
Nikamwinamia mtoto: pumzi, na mate kidogo.
Nikarudi kitini, nikakanyaga.
Ukatetema tena, si mrefu, si mfupi,
unapanda, unashuka, unasita,
unapanda pale pale uliposita.
Nikaacha kukanyaga.
Ukaendelea.

Nikajishika koo.

Ni mimi.
Nilikuwa naimba, au sijui mnakuitaje,
kitu ninachokifanya nikishona,
kitu ambacho mtaa mzima unakijua.
Ndiyo maana mawifi waliinamisha nyuso, mabega yakiwacheka.
Ndiyo maana mama, miaka yote ile,
wageni wakija kupima nguo,
aliniwekea kidole mdomoni, nami
nikakibusu, nikidhani ni mapenzi.
Huenda yalikuwa mapenzi pia.

Nikanyamaza. Mkono ukapoa.
Nikaitazama kanzu, pindo nusu,
nikalitazama dirisha, nusu wazi.

Nikalisukuma likafunguka lote,
nikaweka mguu,
nikakanyaga.